Tupeane uzoefu: chuo cha dini ulisomaje, na nani alilipa?

AmiGando
Assalam alaykum waungwana, na wenzetu wasiokuwa Waislamu hamjambo. Nna mtoto wa kaka yangu hapa Pemba kamaliza kidato cha sita. Kahifadhi Qur'ani, Kiarabu chake kizuri, na hataki kusikia kitu chengine isipokuwa kusoma sharia mpaka mwisho. Babaake mvuvi. Tukijibana ukoo mzima tunapata ada ya mwaka mmoja, huko mbele ndiyo hatujui. Nasaha za "mtegemee Mungu" tunazo nyumbani za kutosha. Nataka aliyesoma dini kwa pesa ya watu au kwa jasho lake aseme ilikuwaje: nani alilipa, kazi gani ulifanya, na ilikula muda gani wa masomo.

Makonyo
Ami, mie nilisoma Tunguu, Chuo Kikuu cha Zanzibar, sheria na sharia. Mwaka wa kwanza niliulipa kwa karafuu na sikuwa na mkarafuu hata mmoja. Nilikuwa mchumaji.

Kwa asiyejua: mwenye shamba ndiye anayepeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na wakati wangu daraja la kwanza lilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo. Mchumaji yeye analipwa kwa pishi, kile kibaba cha kupimia, karafuu mbichi, jioni, papo hapo. Pishi inajazwa mpaka inafanya kilele, na hapo ndipo ugomvi wa kila siku, maana kila tajiri ana pishi yake na kila pishi imenenepa. Unapanda na pakacha, tawi la mbali unalivuta kwa ngoe, na tawi la mkarafuu halitoi salamu, linakatika tu. Usiku mnakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku, kiganja kinakuwa cheusi na harufu haikutoki hata ukishafika chuoni.

Lakini nisiseme uongo, matini zangu za fiqhi, elimu ya hukumu za dini, nilizihifadhi pale pale kwenye kuchambua. Kulikuwa na bibi mmoja hajui kusoma hata jina lake, lakini wanawe wote walipita kwa masheikh, basi nikiruka mstari ananishika: "Rudi nyuma, hapo umekula maneno."

Sasa ubaya wake. Msimu mkubwa unaangukia miezi ile ile chuo kinapofungua. Na karafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa pili mikarafuu ikapumzika, na mie ada ikanikaba. Aliyenivua hakuwa mfadhili. Ni msikiti mmoja karibu na chuo uliokuwa na chumba kitupu, nikapewa niadhini na kusomesha watoto baada ya Alasiri. Mshahara haukuwepo wa kusema. Ila kodi sikulipa mpaka namaliza, na chakula cha usiku kilikuwa kinazunguka majumbani mwa wazee wa watoto. Ada unaweza kuomba ukalipa vipande vipande, mwenye nyumba hakungoji hata wiki. Kijana wako asitafute mshahara, atafute chumba.

AmiGando
Na alfajiri ulikuwa unaamka kila siku? Huyu wetu anaamshwa na watu watatu.

Makonyo
Akishakabidhiwa kipaza sauti cha mtaa mzima ataamka mwenyewe.

BintMakunduchi
Kaka zangu, sisi msikitini hatupewi chumba wala hatuadhini. Kwa hivyo ya kwetu ni mengine.

Mimi nilisoma Chukwani, ualimu na masomo ya Kiislamu. Taasisi ya kheri ya nje ililipa ada na dahalia, yaani bweni, Mungu awalipe. Watu wakisikia "kafadhiliwa" wanadhani umemaliza. Fotokopi nani analipa? Sabuni? Nauli ya daladala mpaka Makunduchi mama akiumwa? Na ufadhili wenyewe ulikuwa na sharti la alama, ukishuka unatolewa, kwa hivyo kazi ya kuniondosha darasani ilikuwa haramu kwangu.

Nikashona kofia. Kofia ya viua, ile ya mkono, si hizi za mashine. Faida yake inaingia ndani ya mkoba. Unatoboa tundu moja, unaizungushia uzi mpaka ikaze, unakwenda ya pili, na mkono ukishazoea jicho linaweza kubaki kwenye daftari. Nimeshona kwenye foleni ya maktaba, kwenye gari, kwenye mihadhara ya somo moja ambalo silitaji. Kofia moja nzuri inakula wiki nyingi, na ukiipeleka Darajani mwenye duka anaigeuza, anaipiga mwanga wa dirisha, anatafuta tundu iliyolegea ili akushushe bei. Nikajifunza kuuza kabla ya Ramadhani haijaisha, kwa sababu wiki ya mwisho kila mwanamme anataka kofia ya Idi na mwenye duka hana muda wa kutafuta kasoro. Baadaye nikaacha kupita dukani, nikawa nashona kwa oda za walimu wangu wenyewe. Sheikh mmoja alinisomesha Tafsiri ya Qur'ani huku kavaa kofia yangu, nami naangalia kiua kimoja upande wa kushoto hakikukaa sawa. Somo la siku hiyo sikumbuki.

PongweMwera
Mbona hamtaji mkopo? Bodi ipo ya hapa kwetu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, imeanzishwa kwa sheria ya 2011, na ipo ile ya Muungano. Dini pia ni shahada.

Ustadh_Mdogo
Mkopo wenye ziada juu yake kwa mtu anayekwenda kusoma sura ya Baqara? Atajibu nini akifika kwenye aya za riba?

PongweMwera
Ustadh, hilo lilikuwa na mashiko zamani. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya bodi ya Muungano, ya kulinda thamani ya fedha, ndiyo iliyokuwa inawakimbiza watu, na Rais Samia aliiondoa 2021. Wako masheikh waliokuwa hawapitishi, sasa wanapitisha. Muulize wako. Mimi nilichukua, na nimekatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni likaisha. Iliniuma, lakini nimesoma.

Kitu cha kumwambia kijana ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, kwa sisi wa visiwani ni wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, na kama mzazi kafariki basi na cheti cha kifo, maana yatima anaangaliwa tofauti. Mimi cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli Hamisi. Kwa herufi hizo nimezungushwa ofisi hadi ofisi, na dirisha la maombi likafungwa mwaka huo. Kaangalieni majina leo, msingoje tangazo. Halafu msitarajie kozi ya dini ipewe kipaumbele cha udaktari na sayansi. Huenda akapata, huenda akapata kidogo, huenda asipate.

JiraniWaQuba
Mie Madina, Chuo Kikuu cha Kiislamu, kile cha 1961. Huko suala la ada halipo kabisa: unasomeshwa, unalazwa, posho kila mwezi, tiketi ya kurudi nyumbani likizo. Maombi ni bure kwenye mtandao, na mtu akikwambia anakuombea kwa malipo mkimbie. Wanaangalia umri, usizidi miaka 25 kwa shahada ya kwanza, na cheti cha sekondari kisiwe kimepitwa na miaka mitano. Kwa hiyo Ami, huyu aombe sasa hivi, asisubiri "kwanza atulie". Jibu linaweza kukaa muda mrefu, wengine halifiki kabisa, kwa hivyo aombe huku anasoma hapa.

Watu hawasemi jambo moja. Ukishapata, nyumbani wewe ndiye tajiri. Posho ya mwanafunzi ikigeuzwa shilingi inaonekana nyingi, basi simu haziishi: bati la ami, harusi ya binti wa shangazi, mashine ya boti. Nimesoma na vijana waliokuwa wanakula mkate na chai ili watume. Msimu wa Hija tuliokuwa tunajua Kiswahili na Kiarabu tulitafutwa kuwafasiria mahujaji, na pesa ile nyingi ilikwenda kwenye mabati kuliko vitabu. Ukoo wako ukae kikao na kijana kabla hajaondoka. Mkubaliane kiasi, au mkubaliane hakuna.

AmiGando
Bati la ami limenigusa 😂. Endeleeni.

Mkunazini
Mimi ni Mkristo, Muanglikana wa hapa mjini, nami nimesoma theolojia bara, kwa hiyo nitie langu. Kwetu hujitumi, askofu ndiye anayekutuma. Dayosisi ikalipa sehemu, parishi yangu ikachangishana sehemu, kilichobaki nilifanyia kazi chuoni. Wanafunzi tuligawiwa: bustani, maktaba, usafi wa kanisa. Kazi ya maktaba ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa kwa sababu unasoma huku unalipwa kwa kupunguziwa ada. Mimi nikaangukia zizini. Saa kumi na moja alfajiri nakamua ng'ombe wa chuo, kisha ibada ya asubuhi, kisha Kigiriki, na mwalimu wa Kigiriki akifungua dirisha tu najua ni kwa ajili yangu.

Jambo hili si jipya hapa Unguja. Kiungani, karne ya 19, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliwasomesha vijana waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakisoma na kufunzwa kazi za mikono pamoja, uchapaji na mengine. Kutoka kwa vijana hao ndiyo alitoka Cecil Majaliwa, akapewa upadri 1890. Bei yake kwetu haimo kwenye ada. Ukimaliza unakwenda unakopelekwa. Mimi nilitaka mjini, nikapelekwa kisima kilipo mbali na mtandao haupo. Anayelipa ana neno lake juu yako, na hili nadhani ni sawa kwenu pia.

Makonyo
Sawa kabisa. Na sisi kuna mfadhili akikusomesha anataka uhubiri kwa rangi yake. Soma fomu yote.

MzeeKikwajuni
Mnapita pembeni ya zaka, na mmesoma! Mafakihi wetu wa Kishafii wamesema wazi: mwenye uwezo wa kuchuma lakini kashughulika na elimu ya sharia kiasi kwamba akichuma elimu inamkatikia, zaka inamfaa. Huyo si omba omba, ana haki. Ami, katika ukoo na mtaa wenu hamkosi mwenye duka anayetoa zaka kila Ramadhani mia mia mlangoni, watoto wanapanga foleni, jioni imekwisha. Mfateni watu wazima wawili pamoja na imamu, mapema, Rajabu au Shaabani kabla ya Ramadhani, na barua ya kukubaliwa chuo mkononi. Muombeni ada ya muhula mmoja tu, ailipe mwenyewe benki kwenye akaunti ya chuo. Mfanyabiashara anapenda risiti. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo inashughulika na zaka, kapigeni hodi.

AmiGando
Mzee, hili nalichukua. Wenye duka wawili nawajua na mmoja ni mkwe.

UmmuRayyan_Wete
Samahani nadandia. Wangu ni wa kike, anataka Azhar, chuo kile cha Misri. Inawezekana au niache?

JiraniWaQuba
Inawezekana, dada. Azhar ina kitivo cha wanawake tangu 1962. Ila uliza kwanza cheti chake kinalinganishwaje, kwa sababu asiyetoka chuo wanachokitambua huanzia maahadi, skuli ya matayarisho ya wageni, kabla ya kuingia kitivoni, na hiyo ni miaka ya kula na kulala inayotaka pesa. Mwenye ufadhili wa Azhar anapata dahalia, asiyekuwa nao anapanga Cairo kwa mfuko wake. Asipande ndege kwa matumaini ya kuupata akishafika.

BintMakunduchi
Dada, anajua kushona?

UmmuRayyan_Wete
Kuliko mimi.

BintMakunduchi
Nitafute faragha, kuna mwanafunzi wa Cairo ananunua kofia kutoka kwangu kwa jumla.