Aliyelichora gari hili aje Moshi, alale chini yake mwenyewe abadilishe mpira wa pawa stelingi

Wakuu, leo sijaja kwa amani. Ni mara ya tatu tangu Agosti mpira uleule wa pawa stelingi unanivujia, ule unaopitisha oili ya presha kutoka kwenye pampu ili usukani uwe mwepesi. Naandika nikiwa nimekalia ndoo gerejini hapa Pasua, suruali ina oili nyekundu, fundi yuko uvunguni tangu saa tatu asubuhi na ninachoona ni soli za viatu vyake. Wiki ya Krismasi hii, watu wanapanda kwao migombani, mimi nalinda boneti.

Mara ya kwanza nilikuwa nashuka Marangu kuelekea Himo. Nyuma mikungu minne ya ndizi, pembeni mama mkwe. Tangu tunatoka nyumbani kila nikikata kona gari linalia kama ng'ombe aliyevimbiwa. Mama akauliza, "Baba Neema, hili gari lenu linaumwa?" Nikamjibu ni kawaida tu, mama. Kona mbili mbele usukani ukawa jiwe. Kwa wasioyajua haya: usukani haufi, unageuka bado, ila unageuza kwa mabega na mshuko ule unaujua mwenyewe. Nikaegesha, nafungua boneti, moshi mweupe. Oili ilikuwa inadondokea ekzosi. Mama mkwe hakusema neno. Alichukua mkungu wake mmoja akapanda Noah.

Fundi wa Himo alikata pale palipotoboka, akachomeka kibomba katikati, akabana na klipu mbili za mpira wa rejeta. Elfu 20. Ilidumu mpaka Kiboriloni. Na hapa simlaumu sana yeye, najilaumu mimi niliyesimama nikitazama. Tairi tunajaza upepo 32 na bado tunaliogopa likipasuka. Ndani ya mpira ule, ukikata usukani mpaka mwisho ukaushikilia, presha inapita 1,000 kwa kipimo hichohicho. Klipu ya rejeta hapo ni sawa na kufunga fahali kwa uzi wa kushonea.

Mara ya pili nikasafiri mpaka Arusha, kilomita 80, kununua mpira wa mtumba. Laki na ishirini. Muuzaji ananiambia "huu ni orijino kabisa bosi". Orijino ni kweli, umetoka kwenye gari la mwaka uleule kama langu, umepikwa na joto miaka ileile! Nimenunua mzee kuja kumpokea mzee mwenzake. Halafu aliyeufunga akarudishia washa za shaba (vile vipete vya kuzuia oili isivuje) zilezile za zamani, wakati zile hubonyea mara moja tu, ukishafungua unaweka mpya. Hata wiki mbili haukufikisha, ukaanza kutoa jasho pale kwenye kichuma kinachobana mpira na bomba.

Sasa nije kwa mwenye kosa, aliyekaa na kalamu na karatasi.

Mpira wenyewe nauelewa, msinijie na somo hilo. Injini imekalia mauntingi, yaani vile vikalio vyake vya mpira, ukikanyaga mafuta inatikisika. Raki, kile chuma cha chini kinachogeuza matairi ukizungusha usukani, imefungwa kwenye fremu, haitikisiki. Ukiunganisha pampu na raki kwa chuma kitupu, chuma kitapasuka. Na mpira unameza mtetemo wa pampu, la sivyo ungesikia kelele mpaka kwenye kiti. Hapo nampa maksi zake zote.

Lakini hivi, ukishajua kwamba katika mfumo mzima kitakachochakaa kwanza ni mpira, unaupitishaje nyuma ya injini, vidole vinne kutoka ekzosi, halafu nati ya kwenye raki unaificha mahali ambapo spana inageuka robo ya mzunguko tu? Fundi anaigeuza kidogo, anatoa spana, anaipachika upya, anaigeuza kidogo. Tangu asubuhi!

Mzee mmoja hapa gerejini ndiye aliyenifumbua macho. Kiwandani injini na raki vinafungwa vikiwa nje, peupe, mtu amesimama wima. Kila kitu kikishakaza ndipo vinapandishwa kwa pamoja ndani ya bodi kutokea chini. Kwa yule wa kiwandani ile nati ni kazi ya sekunde chache. Mchoraji amemfikiria mtu anayefunga mara moja katika maisha ya gari. Anayefungua, huyu wa Pasua aliyelala kwenye boksi, hayumo kwenye hesabu zake kabisa.

Na bado wanakuuzia kitu kizima. Kilichooza ni mpira usiozidi urefu wa mkono, ila lazima ununue pamoja na mabomba ya chuma yaliyopindwa huku na huku, ambayo hayana tatizo lolote. Mpya nimetajiwa laki nne na themanini, kuagiza, wiki tatu.

Pawa stelingi ilianza kuuzwa kwenye magari ya abiria Marekani mwaka 1951. Zaidi ya miaka 70! Na tiba waliyoipata kwenye magari ya siku hizi ni kuweka mota ya umeme na kuufuta mpira kabisa. Yaani kuuondoa wameweza, kuuhamisha kando ya ekzosi ndiyo ilishindikana.

Watakaosema "usishikilie usukani ukiwa umefika mwisho": sawa, nakubali, geti langu ni jembamba na nimekosa. Watakaosema "uza gari": mnunue ninyi.

Ninachouliza ni kimoja. Nasikia wale wanaotengeneza mipira ya haidroliki ya matrekta wanaweza kukata mpira mbovu, wakaweka mpya wa presha kubwa na kuubana kwa mashine, huku mabomba yako ya zamani yakibaki. Nani amefanyiwa hivyo Moshi au Arusha, na umedumu muda gani? Anijibu mwenye gari, sio mwenye duka.

NYONGEZA, saa 11 jioni: Fundi ametoka uvunguni. Nati imelika kingo zote, spana haishiki tena. Anasema tushushe raki nzima.