Laptopu ya gemu na monita kwa anayeanza PC, bajeti milioni 3, naombeni mwongozo

kijana_wa_tabata:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa PS miaka yote, nimekulia kwenye vibanda vya PS mtaani, sasa nimepata kibarua kinachoeleweka nataka nihamie PC. Sababu kubwa nataka kifaa kimoja ambacho mchana naeditia video (za harusi, sio nyingi) na usiku napiga gemu. Bajeti ni milioni 3, laptopu na monita humo humo, naweza kujivuta mpaka 3.3 kama kuna sababu ya maana. Gemu ninazotaka ni FC (ya mpira, ya EA), GTA V, na nataka nijifunze Valorant (ya kurushiana risasi) maana washkaji wote wameshahamia huko.

Nimezunguka Kariakoo nimetoka nimechanganyikiwa kabisa. Duka moja naambiwa chukua Core i7 RAM 16 hii inapiga gemu zote, duka la pili naambiwa achana na i7 angalia RTX (kadi ya grafiksi ya NVIDIA), la tatu jamaa kanitolea laptopu ya milioni 1.1 anasema ina grafiksi ya 8GB, na akanifungulia kabisa nikaona kwa macho yangu imeandikwa 8. Sasa kama hiyo ina 8 kwa 1.1, na ile yenye RTX 4050 ina 6 tu halafu inauzwa zaidi ya mara mbili, hapo inakuwaje? Kwenye monita kuna mtu anauza inchi 27 ya 4K, used, na dukani kuna inchi 24 ya 144Hz mpya, bei zao zinakaribiana. Moyo wangu uko kwenye 27. Chumba kidogo, meza ya kawaida, na umeme wa huku unakatika katika. Nawasilisha.

fundi_board:

Mkuu karibu sana. Nianze na hiyo ya 1.1 kabla hujairudia. Hiyo 8 uliyoiona ni ya kuazima. Laptopu isiyokuwa na kadi yake ya grafiksi inatumia grafiksi iliyomo ndani ya prosesa, na Windows inairuhusu ichote mpaka nusu ya RAM, kwa hiyo mashine yoyote ya RAM 16 itakuonyesha karibu 8 na muuzaji atakuonyesha hiyo hiyo. RTX 4050 ina 6GB zake yenyewe, GDDR6, zimekaa pembeni ya chipu hazigusi RAM yako na zina kasi kubwa kuliko RAM ya kawaida.

Ukirudi dukani bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ikifunguka Task Manager nenda Performance halafu shuka chini mpaka kwenye GPU. Ukikuta ipo moja tu na imeandikwa Intel UHD au Iris Xe, hiyo ni laptopu ya ofisi, na kwa kazi za ofisi itakufaa miaka, ila usiinunue kwa ajili ya gemu hata prosesa ingekuwa i7 au i9. Mashine ya gemu kwa kawaida utakuta ziko mbili, ya Intel au AMD na ya NVIDIA. Bonyeza hiyo ya NVIDIA, chini utaona mstari wa Dedicated na mstari wa Shared. Soma Dedicated, huo mwingine achana nao.

Kitu cha pili ambacho wauzaji wengi hawakitaji ni wati. Jina RTX peke yake halitoshi, kwa sababu NVIDIA wanawaachia watengenezaji wa laptopu waamue kadi ile ile wailishe umeme kiasi gani. RTX 4060 ya laptopu inaanzia wati 35 mpaka 115, sasa 4060 iliyobanwa kwenye laptopu nyembamba inaweza kupitwa na 4050 iliyolishwa vizuri na yenye feni za maana. Ukitaka kujua hapo hapo dukani geuza chaja usome maandishi ya chini, zidisha V na A. 20V mara 11.5A ni wati 230, hiyo ni mashine ya kazi. 19.5V mara 3.33A ni wati 65, hapo hata wakubandikie stika gani hamna kitu.

Kwa gemu zako 4050 inakutosha vizuri kwenye 1080p (Full HD). FC 24 EA waliweka GTX 1050 Ti kama kima cha chini na GTX 1660 ndo pendekezo, 4050 iko juu ya zote mbili. GTA V kwenye PC ni ya 2015, na Valorant ni nyepesi. Ila FC peke yake inataka nafasi ya GB 100, ukiweka na video zako za harusi SSD (diski ya kuhifadhia) ya 512GB itajaa haraka sana, hakikisha laptopu ina nafasi ya kuongeza SSD ya pili. Na RAM iwe 16 kwa vipande viwili vya 8, kipande kimoja cha 16 kinakupunguzia fremu (picha kwa sekunde).

dada_wa_fremu:

Fundi kamaliza kwenye laptopu, mimi nije kwenye monita maana naona hapo ndo moyo unataka kukupeleka pabaya 🙏

4K ni pikseli 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. 1080p ni kama milioni 2.1. Yaani kwa kila fremu kadi yako inafanya kazi mara nne, na 4050 yenye 6GB haina ubavu huo kwenye gemu mpya, utaishia kushusha gemu mpaka 1080p kwenye kioo cha 4K na picha itakuwa na ukungu. Halafu monita nyingi za 4K za zamani ni 60Hz. 60Hz maana yake picha inabadilika kila milisekunde 16.7, kwenye 144Hz ni kila milisekunde 6.9. Kwenye FC unaweza usijali sana, lakini Valorant mtu akitokea kwenye kona hiyo tofauti utaiona siku ya kwanza tu, mshale unavyofuata mkono wako ni kitu kingine kabisa.

Na usiseme basi nichukue 27 ya 1080p. Pikseli zile zile zinatandazwa kwenye kioo kikubwa, 24 inakupa kama pikseli 92 kwa inchi, 27 inashuka mpaka 82, na kwa meza ya kawaida ambayo uso uko karibu na kioo maandishi yataanza kuonyesha meno. 27 inapendeza ikiwa 1440p, hiyo ni ya baadaye ukiwa na kadi kubwa zaidi. Chukua 24, 1080p, 144Hz au zaidi, paneli ya IPS. Paneli za VA, aina nyingine ya kioo, zina weusi mzuri ila nyingi za bei ya chini zinaacha kivuli vitu vikikimbia gizani.

Sasa hili la harusi ndo linanifanya nikuambie monita usiiache. Laptopu nyingi za gemu za bei ya chini wanapunguza gharama kwenye kioo, ukisoma speki utaona imeandikwa 45% NTSC (kipimo cha rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha). Kioo cha hivyo rangi zake zimefifia, nyekundu ya gauni la bi harusi inaonekana kama imefuliwa mara nyingi, wewe unaongeza rangi ukiamini unarekebisha, mteja akifungua kwenye simu yake anakuta sura zimeiva kama nyanya. Tafuta monita iliyoandikwa sRGB (kipimo kingine cha rangi) 99% au zaidi. Kwa mtu anayelipwa kwa video hiyo ni ya kwanza, hata kabla ya Hz.

mkazi_wa_mbagala:

Mi natofautiana kidogo na dada hapo juu kwa heshima. Milioni 3 ukiigawa utapata laptopu ya wastani na monita ya wastani. Laptopu nyingi za RTX tayari zina kioo cha 144Hz, mwanangu weka hela yote kwenye laptopu, chukua 4060 yenye 8GB, ucheze na kioo chake, monita utanunua mwakani. Monita unaweza kuongeza muda wowote, kadi ya laptopu imechomelewa kwenye bodi huwezi kuibadilisha tena.

Pia umeme. Ukikatika monita inazima hapo hapo, laptopu inabaki na betri, ila ikiwa kwenye betri kadi inashushwa wati na fremu zinaporomoka, kwa hiyo gemu hamna, ila project yako ya video inapona. Ukinunua monita weka na hela ya UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na ya ruta pia.

dada_wa_fremu:

Kadi kuchomelewa ni kweli kabisa, na angekuwa wa gemu tu ningekuunga mkono. Ila huyu rangi ndo zinamwingizia hela. Kama akipata laptopu ya 4060 yenye kioo cha sRGB 100% ndani ya hela hiyo, achukue bila monita, nimekubali.

kijana_wa_tabata:

Aisee asanteni sana, hii ya Dedicated na Shared ingenila milioni nzima. Kwa hiyo naenda na 4050 au 4060, nasoma chaja, naangalia kioo, kikiwa kibovu nachukua na monita ya 24 IPS. Maswali mawili ya mwisho. Nikikuta 4060 used ya Dubai naikaguaje? Na padi zangu za PS4 zitafanya kazi au ninunue nyingine?

fundi_board:

Used usilipe kabla hujaichosha. Omba uchomeke chaja, fungua gemu yoyote nzito waliyonayo icheze dakika 20 hivi huku mkono wako uko juu ya kibodi. Feni zikipiga kelele ni kawaida, joto la Dar hilo. Fremu zikianza vizuri halafu zikashuka na kubaki chini, inachemka, ndani kuna vumbi au pesti ya kupitisha joto imekauka, hiyo inatibika ila iwe sababu ya kupunguziwa bei. Ikizima yenyewe ondoka. Kisha fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity, ikiwa imebaki chini ya nusu hesabia na hela ya betri. Kwa Valorant kwenye Windows 11 lazima TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama vya kompyuta) viwe vimewaka, andika tpm.msc uangalie TPM, na msinfo32 uangalie Secure Boot. Na usikubali iliyobaki na Windows 10, msaada wake uliisha Oktoba 14, 2025.

Ukishachomeka monita ingia kwenye setingi za skrini, Advanced display, uchague 144Hz mwenyewe, mara nyingi inaanza na 60 na watu wanakaa hivyo miezi. Tumia tundu la DisplayPort kama lipo, HDMI 1.4 kwenye 1080p mara nyingi inaishia 120Hz.

Padi za PS4 usizitupe, zinaunganishwa kwa waya wa USB au Bluetooth na Steam (duka la gemu za PC) inazitambua vizuri, FC uinunulie huko huko Steam. Ila Valorant ya PC haichezwi kwa padi, ni kibodi na mausi, kwa hiyo tenga hela ya mausi ya waya na pedi kubwa ya mausi, mkono upate nafasi ya kuburuza.