Mnachukua mbwa kiziwi kwa maneno matamu halafu mnamfunga mnyororo, nimechoka na nyie

Wakuu habari za jioni, leo mnivumilie maana nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Kuna mbwa jike anaitwa Pamba, mweupe mwili mzima, jicho moja la bluu, hasikii masikio yote mawili. Aliokotwa karibu na bucha huku Mbezi akiwa bado mdogo, mbavu nje, viroboto kibao, watoto wanamrushia mawe wakidhani ni jeuri kwa sababu wakimfokea haondoki. Tukachangishana watu wachache, akachanjwa kichaa cha mbwa, akapewa dawa ya minyoo, akafungwa kizazi, akanenepa vizuri tu. Kumtafutia nyumba ndo ikawa kazi, kila anayepiga simu anauliza bei gani, au anabweka sana? Mwisho akaja kaka mmoja na mkewe, nyumba ina ukuta na geti, tukawaeleza kila kitu kwamba huyu hasikii kabisa, kaka akasema hamna shida, mimi nimekua na mbwa tangu utotoni. Mkewe mpaka machozi yalimtoka kwa huruma. Tukawapa na kadi ya chanjo.

Jana jirani yao anapiga simu. Mbwa yuko nyuma ya nyumba kwenye mnyororo mfupi, jua hili la Dar, sufuria ya maji kavu, shingo imechunika ina kidonda kinanuka. Tunafika pale tunamuuliza kulikoni jibu analotupa eti "mbwa wenu hafai, mtu anagonga geti hashtuki, juzi bodaboda kaingia mpaka barazani yeye kalala". SI TULIKWAMBIA HASIKII?? Tulikwambia mbele ya mkeo! Kama shida yako ilikuwa ulinzi ungetafuta mlinzi, ungefunga kengele getini, ila usingekuja kuwalaghai watu waliokesha na huyu mbwa akiwa anaharisha.

Halafu anaongeza kwamba ni mkali, kataka kumng'ata mtoto. Ukiulizia vizuri unaambiwa mtoto alimrukia mgongoni akiwa amelala fofofo, mbwa akageuka na meno wazi, ngozi haikuguswa hata. Jamani kiumbe asiyesikia hatua zako unamwangukia usingizini unategemea nini? Hata mtu mzima angerusha ngumi. Hili nalo tuliwaelekeza, ukitaka kumwamsha weka mkono karibu na pua yake anuse kwanza, kisha mguse bega taratibu, akifumbua macho mpe dagaa hata mmoja, fanya hivyo kila siku mpaka azoee kwamba akiguswa usingizini kuna kizuri kinakuja. Hawakufanya hata mara moja, nilimuuliza mkewe akaangalia chini.

Na kuna mwingine pale mtaani anasema mweupe mwenye jicho la bluu ni jini, uziwi wake ni laana. Sikilizeni basi. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zinazotengeneza rangi, ni jamii ileile ya seli zinazotia rangi manyoya, na zinasaidia kuweka hai vile vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Mtoto wa mbwa akirithi weupe mwingi anaweza kukosa hizo seli, sasa wiki chache tu baada ya kuzaliwa vile vinyweleo vinakufa na havioti tena. Ni kurithi basi. Wale Dalmatian weupe wenye madoa meusi, waliopimwa Marekani karibu 30% hawasikii sikio moja au yote mawili, hao wote wana jini? Wanaonitia hasira hapa ni wafugaji wanaopandisha wale wa rangi ya mabaka inayoitwa merle, merle kwa merle, ili wapate rangi adimu wauze ghali, wakati inajulikana kwa wastani robo ya watoto watakaozaliwa watarithi hiyo merle kwa baba na kwa mama, na hao ndo wana hatari kubwa ya kutoka viziwi au na kasoro za macho.

Kumfundisha kwenyewe siyo kazi ya ajabu. Pamba anajua kaa, lala, njoo, acha, vyote kwa mkono, dole gumba juu anajua amefanya vizuri mkia unapiga kama feni. Usiku ukiwasha na kuzima taa ya nje anakuja mbio. Watu wanasema piga mguu chini ahisi mtetemo, sakafu ya mbao sawa, ila simenti zetu hizi haufiki vizuri, tochi ndo mpango. Kitu kimoja tu hakina mjadala, nje ya geti ni kamba muda wote maana gari au bodaboda hataisikia.

Tukaenda ofisi moja inayohusika kuripoti, tunaulizwa "kwani ni mbwa wa kizungu?" Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa, haijasema koko ateswe mwenye asili ya Ujerumani alindwe! Tumeondoka bila hata kuandikwa jina.

Na nyie mnaonitumia ujumbe eti achomwe sindano apumzike, apumzike na nini? Anakula, anacheza, anakimbizana na kunguru uani. Anachokosa ni mtu mwenye neno lake.

Tunamtafutia nyumba upya. Uzio uwe mzima usio na matundu, mtu mzima awepo mchana, watoto wadogo hapana kwanza mpaka atulie, mbwa mwingine mpole akiwepo ni vizuri zaidi maana anamwangalia mwenzake anafanya nini. Shingoni hatavaa kitu mpaka kidonda kipone, tutakuja na mkanda wake wa kifuani. Tutakuja kuona nyumba kabla, na tutapita baadaye bila kutoa taarifa, ukiona hilo linakukera usiombe. Kuuzwa hauzwi. Anayetaka kweli aje inboksi aniambie nani anashinda nyumbani na mbwa wake wa mwisho aliishia wapi.