Tupeane uzoefu: Nani alijiunga mitandao ya kijamii isiyo na mwenye mmoja, akaishia mlangoni?

Ngosha wa Igoma: Wakuu, tangu X (Twitter ya zamani) ifungwe hapa Tanzania Mei 2025 natafuta mbadala. Juzi nikapakua programu moja, kabla hata ya jina naambiwa nichague seva, yaani kompyuta itakayotunza akaunti yangu. Orodha ndefu hiyo, nyingine za Kijerumani, nyingine za wapenda paka. Nikagusa moja, wakataka niandike kwa nini nataka kujiunga, kisha nisubiri kukubaliwa. Nasubiri mpaka leo. Kwani nimeomba kazi?

Binti Malimbe: 😂 Mimi niliandika "kuchati tu". Wakanikataa.

Fundi Seva: Mnalaumu bure. Ni kama barua pepe: wewe uko Gmail, mwenzio Yahoo, na mnaandikiana. Mastodon, mtandao alioanzisha Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016, ndivyo ulivyo. Kila seva ina mwenyewe, zinaongea kwa kanuni inayoitwa ActivityPub.

Ngosha wa Igoma: Mkuu, barua pepe haijawahi kuniuliza kama napenda paka.

Kamanga Kwetu: Mwenye seva yangu alichoka kulipia, akafunga. Machapisho ya mwaka mzima kwaheri. Nasikia ukihama mapema wafuasi unaondoka nao, ila ulichoandika kinabaki kule.

Mama Dagaa Kirumba: Hamjambo wanangu. Mmenigusa kidonda. Mpwa wangu aliniwekea moja ya hizi, inaitwa Nostr, eti hakuna atakayenifungia. Haitaki namba ya simu wala nywila. Inakupa mistari miwili ya herufi, wanaita funguo, mirefu yote, mmoja unaanza npub, mwingine nsec. Kumbe mmoja ni wa kuwapa watu, mwingine ni wa kufa nao. Ningejuaje? Maelezo Kiingereza kitupu, na mpwa kashapanda daladala ya Nyegezi. Nikanakili mmoja, nikaubandika kwenye kundi la wateja WhatsApp, watu mia na kitu: "Wateja wangu, nifuateni huku."

Ulikuwa ule wa kufa nao.

Siku ya tatu mteja wa Bunda ananipigia: mama, gunia zangu vipi, laki tatu si nimeshatuma? Umetuma wapi? Nafungua, naona mimi mwenyewe natangaza dagaa wa Ukerewe kwa bei ya kutupa, namba ya malipo siijui. Nafuta, linaandikwa jingine. Mengine hata hayafutiki. Nikampigia mpwa, badilisha huo ufunguo! Kimya. Halafu: "Shangazi, huo haubadilishwi. Aliye nao ndiye wewe." Nilikaa juu ya gunia pale Mwaloni, dagaa wananyeshewa, nisijue nianzie wapi.

Binti Malimbe: Mungu wangu.

Fundi Seva: Pole mama, ila ukweli usemwe, kosa ni lako. Ufunguo wa nyumba haugawiwi.

Binti Malimbe: Acha hizo! Ufunguo wa nyumba haufanani na namba ya nyumba. Hapo vyote viwili ni herufi za mganga, na hakuna aliyeandika "huu usimpe mtu" kwa Kiswahili. Nyie mnaotengeneza mnajijengea wenyewe.

Fundi Seva: Mimi sijatengeneza chochote, dada. Natumia tu.

Kamanga Kwetu: Ushauri: andika ufunguo kwenye karatasi, ficha.

Ngosha wa Igoma: Karatasi panya wanakula. Nenda seva kubwa, basi.

Kamanga Kwetu: Seva kubwa utapotea. Tafuta ndogo.

Ngosha wa Igoma: Ndogo si ndiyo hiyo yako iliyofungwa?

Binti Malimbe: Mama, na laki tatu ya watu?

Mama Dagaa Kirumba: Nilimpelekea gunia mbili, zilizobaki tutaelewana. Mteja wa miaka sita simwachi kwa ajili ya herufi. Akaunti nimeitelekeza, ila yule mimi wa pili bado anauza.

Mkazi wa Busisi: Anauza debe bei gani?

Mama Dagaa Kirumba: Koma.