Laibrari moja ya matukio kwa apu tatu: kopi, sabmoduli, paketi ya git ama repo moja?

Odhis_Dunga
Habari zenu wadau. Tuko watatu hapa Kisumu na tunatengeneza mfumo wa kuuza samaki. Mama wa Dunga (ufuo wa samaki hapa Kisumu) anaandika asubuhi ako na kilo ngapi, hoteli za mjini zinaagiza, boda anabeba. Apu ya muuzaji na ya boda ni Flutter (inaandikwa kwa lugha ya Dart), dashibodi ya ofisi ni TypeScript, lugha nyingine, kwa brauza. Shida ni kila mtu alijiandikia analitiki yake, yaani kodi ya kutuma matukio (mtumiaji amefanya nini). Jana nimekaa nihesabu oda za wiki nikapata apu moja inatuma oda_imetumwa, nyingine Oda_Imetumwa, dashibodi nayo tuma_oda, na Firebase, huduma ya Google inayopokea matukio, inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwa hivyo hayo kwake ni matukio matatu tofauti, yaani sina chati hata moja naweza kumwonyesha mtu na niiamini. Nataka laibrari moja apu zote zitumie. Naona njia nne: kukopi folda, sabmoduli ya git (hifadhi ya kodi ndani ya nyingine), paketi inayovutwa kutoka git kwa tagi (jina la toleo), ama apu zote ziingie repo moja, yaani hifadhi moja ya kodi. Halafu ndani tubaki na Firebase ama tuhamie PostHog, analitiki ya kuweka kwa seva yetu? Pesa ya seva ni kidogo.

NjeriWaNjoro
Kukopi folda ndiko kulikufikisha hapo, hiyo itoe kwa orodha. Sabmoduli nimeishi nayo mwaka mzima huku Nakuru kwa apu ya kukusanya maziwa na siwezi kukushauri uingie. Mtu anavuta repo, anasahau `git submodule update --init`, folda iko tupu, bildi (kujenga apu) inakataa, anakupigia simu saa tatu usiku. Mbaya zaidi ni ile haikatai: sabmoduli imebaki nyuma kwa toleo la zamani, apu inajengwa vizuri, inatoka, na jina la tukio ulilorekebisha wiki mbili zilizopita bado ni lile baya.

Paketi ya git ni nyepesi. Kwa pubspec.yaml, faili inayoorodhesha paketi za apu ya Flutter, unaweka url ya repo na ref iwe tagi, mfano v1.2.0. pubspec.lock inashikilia komiti (badiliko lililohifadhiwa kwa git) ileile kwa hivyo hakuna kitu kitabadilika chini yako mpaka wewe mwenyewe upandishe. Ukibadilisha jina la tukio, hilo ni toleo kubwa, nenda 2.0.0, usilipitishe kimyakimya kama marekebisho madogo.

Baraza_Kakamega
Hapo kwa paketi mimi na Njeri hatukubaliani. Watu watatu, apu tatu, tagi za nini? Wekeni repo moja. Ukibadilisha jina la tukio unarekebisha apu zote kwa komiti moja na kompaila inakuonyesha mahali umesahau. Na paketi, utatoa v1.3.0, apu ya boda ipandishwe leo, ya muuzaji ipandishwe mwezi ujao, na hapo katikati uko na majina mawili tena, ile ile shida uliyokuja nayo hapa.

NjeriWaNjoro
Baraza hiyo ni kweli ikiwa wote watatu wanaona kodi yote. Wengi wetu tunapeana kazi ya apu moja kwa mtu wa kandarasi na hutaki aone dashibodi ya pesa. Odhis hujasema kama mko na mtu wa nje.

fundi_wa_takwimu
Ngojeni kidogo, mnabishana juu ya kubeba na hamjaangalia kinachobebwa. Dart na TypeScript hazitumii laibrari moja hata mkiiweka wapi. Kitu cha kushiriki ni kamusi. Faili moja ya YAML (maandishi yenye mpangilio), kila tukio na jina lake, vigezo vyake (data linayobeba, kama kilo), aina ya kila kigezo, na sentensi moja inasema linatumwa LINI. Kutoka hapo skripti ndogo inatoa faili ya Dart na ya TypeScript. Developa haandiki jina kwa mkono tena, anaita odaImetumwa(kilo: 12) na akisahau kilo kodi haikompaili.

Hiyo sentensi ya "lini" msiiruke. Kwetu malipo_yamekamilika apu moja ilituma mtu akibonyeza kitufe, nyingine ikituma jibu la M-Pesa likirudi. Jina moja, maana mbili. Mtu anabonyeza, hana salio, tushahesabu mauzo. Tulipanga bidhaa kwa namba hizo mwezi mzima kabla mtu hajauliza, na mpaka leo ile miezi ya nyuma hatuilinganishi na ya sasa.

Ya pili ni mtandao. Muuzaji wako akiwa ufuoni bando limeisha, matukio yakae kwa foleni ndani ya simu, SQLite (hifadhidata ndogo) inatosha, yatumwe kwa mafungu mtandao ukirudi. Kila tukio lipewe UUID (namba ya kipekee) pale linapozaliwa, sio pale linapotumwa. Sababu ni hii: simu inatuma, seva inapokea, jibu linapotea njiani, simu inatuma tena. Bila UUID hiyo ni oda mbili. Na saa ya simu usiiamini peke yake. Nimewahi kuona oda ya mwaka 1970, simu ilizima chaji ikaamka na saa ya kiwandani. Beba wakati wa tukio na wakati wa kutuma, seva iongeze wake wa kupokea, hapo unaona simu imepotoka kwa kiasi gani unarekebisha.

Akinyi_Milimani
Mimi naongeza kitu kimoja na naomba mkichukulie kwa uzito. Msiweke namba ya simu ndani ya kigezo. Nimeona apu mtu ameweka meseji nzima ya malipo kama kigezo, jina la mteja na kila kitu, ati itasaidia kutafuta makosa. Google wenyewe wanakataza data ya kumtambua mtu kuingia kwa Analytics, na hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Yule mama wa Dunga alikupa namba yake umpigie samaki wakiagizwa, hakukupa uisafirishe. Kwa kamusi ya fundi weka orodha ya vigezo vinavyokubaliwa, kisicho kwa orodha laibrari inakitupa.

Kuhusu Firebase ama PostHog: Firebase ni bure, mipaka ni majina 500 ya matukio kwa apu, vigezo 25 kwa tukio, jina lisizidi herufi 40. Hamtafika. PostHog kwa seva yenu ni nzuri lakini ndani iko na ClickHouse na Kafka (hifadhidata na foleni ya data, zote nzito), inakula RAM na mtu wa kuiangalia. Watu watatu? Hapana.

Baraza_Kakamega
Nakubali na fundi, kamusi kwanza. Ila laibrari iwe na mlango mmoja tu, tuma(), na apu zisijue nyuma yake kuna Firebase. Siku mkihama mnabadilisha faili moja.

Odhis_Dunga
Asanteni sana, kweli nilikuja na swali la git nikapata kubwa zaidi. Njeri, ndio, apu ya boda inaandikwa na mtu wa nje kwa hivyo ni paketi kwa tagi, na CI (mashine inayokagua na kujenga kodi) itakataa bildi ikiwa apu iko nyuma kwa toleo kubwa, hiyo inajibu hofu ya Baraza. Firebase inabaki nyuma ya tuma(). Leo jioni tumekaa na daftari tukaandika matukio yote, yalikuwa 41, tukabaki na 14. Moja limetushinda: oda "imefika" boda akifika hotelini, ama mpishi akishapima kilo?

fundi_wa_takwimu
Hayo ni mawili. boda_amefika na kilo_zimepimwa. Na hilo la pili libebe kilo zilizoagizwa na kilo zilizopimwa pamoja, ndio mjue samaki wanapungulia wapi.