Je, kufuatilia habari za programu huria kila siku ni wajibu wa msimamizi wa mifumo, au masasisho ya kujiendesha yanatosha?

Suala hili limewagawa wasimamizi wa mifumo kwa muda mrefu. Wapo wanaoshikilia kwamba mtu aliyekabidhiwa seva hana budi kusoma habari za programu huria na teknolojia ya intaneti kila siku, na kwamba asiyefanya hivyo amezembea kazini. Wengine wanajibu kwamba habari hizo zimezidi uwezo wa mtu mmoja, kwamba watunzaji wa mifumo ya Linux kama Debian, Ubuntu na Red Hat wanazichuja kwa niaba yetu, na kwamba inatosha kuwasha masasisho ya kujiendesha na kuendelea na shughuli nyingine. Msimamo wangu ni kwamba marekebisho ya usalama yaachiwe mashine, ila kila jambo linalodai uamuzi lisomwe na binadamu, na muda anaoutumia kulisoma uhesabiwe kuwa muda wa kazi.

Nianze na hoja ya masasisho, kwa sababu ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano ya seva nyingi, iliyomwezesha mtu aliye mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, ambamo zingeweza kuwamo nywila na hata funguo za siri. Kasoro hiyo ilihusu matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f, na habari zilizoenea zilisema tiba ni toleo la 1.0.1g. Msomaji wa habari hizo aliyekwenda kukagua seva ya Debian 7 alikuta imeandikwa 1.0.1e, na bila shaka moyo ulimpasuka, ilhali watunzaji wa Debian walikuwa wamekwisha kupandikiza marekebisho ndani ya toleo lilelile la zamani na kulipa namba ya 1.0.1e-2+deb7u5. Kishawishi katika hali kama hiyo ni kushusha msimbo na kujijengea toleo jipya kwa mkono. Anayefanya hivyo huitoa programu yake katika mkondo wa masasisho, na kasoro itakayofuata itamkuta peke yake. Kusoma habari bila kujua jinsi mfumo wako unavyotoa marekebisho kunaweza kukuingiza katika hatari kubwa kuliko kutosoma kabisa.

Hata hivyo, kisa hichohicho kinaonyesha mahali ambapo mashine huishia. Sasisho la maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingine kama ulivyo wa OpenSSL, hubadilisha faili lililo kwenye diski, lakini huduma iliyokuwa imekwisha kuanza huendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu mpaka iwashwe upya. Msimamizi anaweza kuuliza namba ya kifurushi akapata jibu sahihi, akaona ripoti isiyo na dosari, na huku amri ya lsof, inayoorodhesha mafaili yanayotumika, ikimwonyesha neno DEL kando ya njia ya libssl, maktaba ya OpenSSL, maana yake faili limefutwa lakini lingali linatumika. Watunzaji wa Debian walilazimika kutoa nyongeza ya tangazo lao la awali, pamoja na kifurushi kilichopendekeza huduma gani ziwashwe upya. Na hata baada ya hapo ilibaki kazi ya kutengeneza funguo mpya na kubatilisha vyeti vya zamani, kwa kuwa ufunguo uliokwisha kuvuja haurudi kuwa siri kwa sababu programu imesasishwa. Anayesema masasisho yanatosha atueleze ni kifurushi gani kingemfanyia kazi hiyo.

Wanaotetea usomaji wa kila siku hupenda kutaja xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, nami naona mfano huo hauwasaidii sana. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliwaarifu watu kwamba matoleo yake ya xz ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Aligundua hayo alipochunguza kwa nini kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yamefika katika matawi ya majaribio ya Debian, katika Fedora Rawhide na katika openSUSE Tumbleweed, mifumo inayopokea programu mpya mapema, lakini Debian ya kawaida, ile tawi tulivu, haikuguswa. Waliokuwa hatarini, kwa hiyo, ni wale waliokimbilia vitu vipya. (Wala ugunduzi wenyewe haukutokana na kusoma habari, ulitokana na mtu kutilia shaka vipimo vya mashine yake, tabia ambayo sioni tukiihimiza kwa nguvu tunayotumia kuhimizana kusoma.) Nakubali kwamba aliyekuwa na Tumbleweed alipaswa kujua siku ileile, lakini hilo linamdai afuatilie matangazo ya openSUSE, si ulimwengu mzima wa teknolojia.

Habari zisizoletwa na sasisho lolote ndizo zinazonisumbua zaidi. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, mfumo wa seva wa bure unaofuata Red Hat, ambayo watumiaji wake waliitegemea hadi mwaka 2029, ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Mashine iliyopoteza msaada haipigi kelele. Inaacha tu kupokea marekebisho, na ukimya wake haupambanuliki na ukimya wa mashine yenye afya. Aliyekuwa na habari alipata zaidi ya mwaka mmoja wa kupima kama ahamie mifumo mbadala ya AlmaLinux, Rocky Linux au kwingineko, na aliyechelewa kujua alihama kwa pupa. Leseni nazo hubadilika. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kusimamia miundombinu ya seva, katika leseni huria, na Machi 2024 Redis, wenye hifadhidata ya jina hilo, wakafuata njia hiyo. Miradi ya OpenTofu na Valkey, mbadala huria wa programu hizo, ikazaliwa chini ya shirika la Linux Foundation, kisha Mei 2025 Redis wakaongeza leseni huria ya AGPL na kurudi katika uhuria. Hakuna programu ya kusasisha inayoweza kuamua kama taasisi yako ibaki au ihame, na uamuzi huo unamhusu hata mwanasheria.

Vyeti vya tovuti, vinavyothibitisha utambulisho wake kwa kivinjari, viko katika fungu hilo. Mwezi Aprili 2025 CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengeneza vivinjari, waliidhinisha ratiba ya kupunguza uhai wa vyeti vya umma: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 mwaka unaofuata, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa siku 398. Mtu aliyezoea kubadilisha cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka anatakiwa kubadili utaratibu wake wote, na asitarajie barua za kumkumbusha, kwa sababu Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, waliacha kuzituma Juni mwaka 2025.

Kuhusu wingi wa habari, wanaolalamika wana haki. Tangu Februari 2024 watunzaji wa kiini cha Linux wanatoa wenyewe namba za CVE, yaani namba za utambulisho wa kasoro za usalama, nao huzitoa kwa wingi kiasi kwamba kuzisoma moja baada ya nyingine ni kujidanganya. Ninachopendekeza ni orodha fupi iliyoandikwa ya programu ambazo taasisi inazitumia kweli, na usajili katika matangazo rasmi ya hizo tu. Makala ndefu za LWN, tovuti ya habari za Linux, na tovuti nyingine zisomwe kwa hiari, kwa elimu. Wanaoogopa masasisho ya kujiendesha kwa sababu ya sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike la tarehe 19 Julai 2024, lililoangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5, wana hoja, lakini dawa yake ni kusasisha mashine chache kwanza na kusubiri kabla ya kuzigusa nyingine.

Linabaki suala la mwajiri, ambalo pande zote mbili hulikwepa. Waajiri wengi huona msimamizi anayesoma matangazo kuwa mtu asiye na kazi, kisha huduma ikikatika wanamuuliza kwa nini hakujua. Napendekeza saa mbili kwa wiki ziandikwe katika majukumu yake, pamoja na jina la atakayeshika nafasi hiyo akiwa likizo, na mwajiri anayekataa kuzitoa atie sahihi kwamba amekubali kubeba hatari hiyo mwenyewe. Anayeona saa hizo ni nyingi mno, au ni chache, alete hesabu yake hapa tuijadili.