Naomba ushauri: sauti inakauka kwa kelele za mashine ya kusaga

Wakuu, habari zenu. Nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka hapa Manzese. Kupima mahindi, kuita wateja, kuuliza sembe au dona, yote ni kupigia kelele juu ya mngurumo wa mota. Asubuhi sauti iko sawa. Ikifika alasiri inakwaruza, mteja anasikia pumzi tu. Mama nikimpigia jioni anauliza kama nimelia.

Najua kwenye kelele mtu hupandisha sauti bila kujijua; Mfaransa Étienne Lombard alilieleza hilo tangu 1911. Na nyuzi za sauti zikigongana kwa nguvu kutwa zinaweza kuota vinundu. Vumbi la unga nalo limo. Tangawizi na asali zinatuliza koo tu (msinirudishe huko, tafadhali).

Bosi hataki nivae vizibo vya masikio, eti sitawasikia wateja. Kuna aliyevitumia kazini? Ishara za mikono au ubao vilisaidia? Na kwa kuwa mwezi umepita, nianzie zahanati au niende moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo? Bima sina.